Mashine ya Espreso Nyumbani: Kutambua Hitilafu, Kutengeneza na Kudai Dhamana

Utangulizi

Kanda ya Ziwa ni nchi ya kahawa. Ng'ambo ya maji, upande wa magharibi, Mkoa wa Kagera umekuwa na mibuni ya robusta tangu kabla ya ukoloni, na Wahaya walizoea kumkaribisha mgeni kwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, zikatafunwa badala ya kunywewa. Bukoba kuna kiwanda cha TANICA. Upande wa mashariki, huko Tarime, wakulima huvuna arabika. Hata hivyo, kwa miaka mingi kahawa iliyokuwa ikinywewa na familia za Mwanza ilikuwa ama ya unga wa kopo, ama kahawa chungu ya birika inayouzwa pamoja na kashata.

Siku hizi mashine ndogo za kutengeneza espreso zimeanza kuingia majumbani. Nyingine hununuliwa madukani mjini, nyingine huletwa na ndugu waliosafiri Dubai au wanaoishi Marekani na Ulaya, na nyingine hupatikana kama mitumba. Kwa familia nyingi, bei ya mashine moja ni mshahara wa mwezi mzima au zaidi. Kwa hiyo inapoharibika katika mwezi wa pili, na muuzaji akasema kwa mkato kwamba "umeme ndio umeiunguza," kinachopotea ni akiba ya kaya, na pamoja nayo imani ya mlaji kwa soko.

Katika somo hili tunakusudia msomaji aweze kufanya mambo manne: kueleza mashine inavyofanya kazi, kutofautisha hitilafu ya kiwandani, hitilafu ya matumizi na hitilafu iletwayo na umeme au maji, kusoma kadi ya dhamana kabla ya kulipa, na kuandaa madai yanayoweza kusimama mbele ya muuzaji, mbele ya mamlaka, na ikibidi mbele ya mahakama.

1. Mashine inavyofanya kazi

Luigi Bezzera wa Milano, Italia, alipata hataza ya mashine iliyotumia mvuke kusukuma maji katika kahawa mwaka 1901. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Achille Gaggia, naye wa mji huohuo, alitumia wenzo na pistoni badala ya mvuke, na ndipo kikombe cha espreso kilipopata lile povu la rangi ya dhahabu linalojulikana leo. Mashine za nyumbani za sasa hutumia pampu ndogo ya umeme badala ya wenzo, lakini kanuni ni ileile: maji ya moto, ya nyuzi 90 hadi 96 za Selsiasi, hupitishwa katika kahawa iliyosagwa laini kwa mgandamizo wa takriban bari 9, yaani mara tisa ya mgandamizo wa kawaida wa hewa, kwa muda wa kama nusu dakika.

Ndani ya mashine mna sehemu chache tu. Kuna tangi la maji, pampu, boila au bomba lenye hita ya kuchemshia, thermostati inayokata na kurudisha moto, fyuzi ya joto inayokata umeme kabisa joto likizidi, valvu, kichwa ambacho mpini wa kichujio hufungwa, na gasketi, yaani mpira unaozuia maji yasivuje kati ya kichwa na mpini. Mashine nyingi za kisasa zina pia bodi ya elektroniki. Anayezijua sehemu hizi kwa majina haambiwi "imeungua" akanyamaza, huuliza, "Ni kipi kilichoungua?"

2. Mambo matatu ya mahali petu: umeme, maji na mwinuko

Umeme. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230 na herzi 50. Kabla ya kununua mashine, soma kibandiko kilicho chini au nyuma yake. Kikisema volti 220 hadi 240, inafaa. Kikisema volti 120 na herzi 60, mashine hiyo imetengenezwa kwa soko la Marekani, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya hapa utaiharibu. Hesabu yake ni nyepesi: hita ya wati 1,200 iliyokusudiwa volti 120, ikipewa volti 230, itavuta karibu wati 4,400, yaani ampea 19 hivi, wakati fyuzi ya plagi yetu ya pini tatu haizidi ampea 13. Transfoma ya kupunguza volti husaidia ikiwa ina uwezo unaozidi wati za mashine, lakini haibadilishi herzi. Pampu iliyozoea mapigo 60 kwa sekunde itapiga 50, na mgandamizo unaweza kupungua. Hakuna muuzaji wa hapa wala mtengenezaji wa huko atakayeitambua dhamana ya mashine iliyochomwa kwa namna hiyo.

Umeme ukipungua nao una dalili zake. Jioni, kaya nyingi zinapowasha majiko na pasi, volti zinaweza kushuka. Zikifika 190, hita ya wati 1,350 hutoa takriban wati 920 tu, yaani chini kidogo ya asilimia 70 ya nguvu yake. Mashine itachelewa kupata moto, na mvuke utakuwa mnyonge. Kabla ya kuirudisha dukani, ijaribu asubuhi mapema. Ikifanya kazi vyema alfajiri na kulegea jioni, tatizo halimo ndani yake.

Walaji wengi hutumia kifaa cha kulinda friji ili kukinga vyombo umeme unaporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Ni kinga nzuri, lakini soma ampea zake. Mashine ya wati 1,350 huvuta karibu ampea 6. Kifaa cha ampea 5 kitazidiwa, kitapata moto, na huenda kikaungua kabla ya mashine. Kadhalika, usiichomeke mashine kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na birika la umeme.

Maji. Maji ya Ziwa Viktoria ni laini, maana yake yana chumvi kidogo ya madini. Kwa anayetumia maji ya bomba ya MWAUWASA, ukoko wa chokaa hujijenga polepole. Maji ya visima virefu mara nyingi huwa na madini mengi zaidi, na yako maeneo ya pembezoni, Usagara na Misungwi yakiwamo, ambako kaya hutegemea visima, maji ya mvua au maji ya boza. Kipimo rahisi kimo jikoni mwako: chungulia ndani ya birika la umeme au sufuria ya kuchemshia chai. Ukiona ukoko mweupe mgumu, elewa kwamba ukoko huohuo unajijenga ndani ya boila usiyoweza kuiona. Maji yenye tope au mchanga, hasa wakati wa mvua, yachujwe kwanza. Chembechembe zake huziba vichujio na valvu.

Mwinuko. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kwa kuwa maji ya espreso yako karibu sana na kiwango hicho, si ajabu kichwa cha mashine kikatoa mvuke kidogo na kucharuka maji yanapoanza kutoka. Hiyo ni tabia ya mahali. Usiihesabu kuwa ni hitilafu.

3. Hitilafu sita na namna ya kuzichunguza

Majaribio yafuatayo hayahitaji kufungua mashine. Usiifungue. Ndani mna umeme na maji ya moto chini ya mgandamizo, na zaidi ya hayo, kuvunja lakiri ya kiwandani kwa kawaida huondoa dhamana.

(a) Haiwaki kabisa. Jaribu soketi nyingine kwa taa au redio, kisha kagua fyuzi ya plagi. Kama vyote ni vizima na mashine imekufa, huenda fyuzi ya joto imekata au bodi imeharibika. Hapo mlaji asimamie hapo. Ni kazi ya fundi wa muuzaji.

(b) Pampu inanguruma lakini maji hayatoki. Hakikisha tangi lina maji na limekaa sawasawa. Kisha ondoa mpini wa kichujio na uwashe pampu bila kahawa. Maji yakitoka kwa wingi, mashine ni nzima. Kahawa imesagwa laini mno au imeshindiliwa kupita kiasi. Yasipotoka hata bila kahawa, ama hewa imenaswa ndani ya pampu, ama ukoko umeziba njia, ama pampu yenyewe imekufa.

(c) Maji yanavuja kando ya mpini. Futa unga wa kahawa kwenye ukingo wa kichujio na kwenye gasketi, kisha funga upya. Yakiendelea kuvuja, gasketi imechakaa. Gasketi ni kama ndara ya bomba: huisha kwa matumizi, na kadi nyingi za dhamana haziihesabu. Lakini gasketi inayovuja wiki ya kwanza haijachakaa. Hiyo ni kasoro ya bidhaa.

(d) Maji yanavuja chini ya mashine, yakitokea ndani. Kwanza hakikisha si sinia la matone lililojaa. Kama silo, zima mashine, chomoa plagi, usiitumie tena. Huu ni uvujaji wa mpira au kiungo cha ndani, na maji yakiifikia bodi ya elektroniki, hitilafu moja ndogo huzaa nyingine kubwa.

(e) Kahawa ni nyepesi na haina povu. Mara nyingi kosa ni la kahawa: imesagwa nene mno, au ni ya zamani. Jaribu kahawa iliyokaangwa karibuni na iliyosagwa laini zaidi. Usipeleke mashine dukani kabla ya jaribio hili.

(f) Ukiiwasha, breka ya nyumba inakata, au unahisi kushtuliwa ukigusa bati lake. Huenda hita imepasuka na umeme unavuja. Hii ni hatari ya uhai. Chomoa, weka mbali na watoto, na usimruhusu mtu "aijaribu tena."

Kuhusu usafi: piga mvuke na ufute mrija wa maziwa kila baada ya kuutumia, kwa kuwa maziwa yakikauka ndani huuziba. Ondoa ukoko wa chokaa kwa dawa na kipimo kilichotajwa katika kijitabu cha mashine; nyingi hutumia asidi ya sitriki. Usitumie siki ikiwa mtengenezaji hakuiruhusu. Andika tarehe ya kila usafi, kwa sababu muuzaji anaweza kudai kwamba mashine haikutunzwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Dhamana: ahadi ya karatasi na haki ya sheria

Watu wengi hudhani kwamba dhamana, au waranti kama inavyoitwa madukani, ndiyo haki yao yote. Sivyo. Mlaji ana ngazi mbili za kinga, na inafaa kuzitenganisha.

Ngazi ya kwanza ni ahadi ya hiari ya mtengenezaji au muuzaji, ile iliyoandikwa kwenye kadi. Kabla ya kulipa, isome ukitafuta majibu ya maswali matano:

Nani anayeahidi: mtengenezaji, msambazaji wa Dar es Salaam, au duka lenyewe?

Ahadi inafanya kazi nchi gani? Kadi ya mashine iliyonunuliwa Dubai inaweza kuwa na nguvu huko tu.

Ni muda gani, na unaanza kuhesabiwa siku ya kununua au siku ya kutengenezwa?

Nini hakihusiki? Aghalabu hutajwa ukoko wa chokaa, gasketi, umeme usio wa kawaida, kufunguliwa na fundi asiyeidhinishwa, na matumizi ya biashara.

Nani analipa usafiri? Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Kama kituo cha matengenezo kiko huko tu, jua mapema mzigo huo utabebwa na nani, na uombe jibu liandikwe.

Neno "matumizi ya biashara" lina uzito kwa wasomaji wetu wa njia panda kama Usagara, ambako magari ya Shinyanga na ya Kigongo-Busisi hupishana na abiria hutaka kinywaji cha moto. Mashine iliyoandikwa "kwa matumizi ya nyumbani" imekusudiwa vikombe vichache kwa siku. Mama lishe anayetoa vikombe hamsini atachosha pampu na hita mapema, na kadi haitamlinda. Kwake ni afadhali kununua mashine ya biashara, au kumweleza muuzaji matumizi yake kabla ya kununua na kutaka jibu lake liwe kwenye maandishi.

Ngazi ya pili ni sheria. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara inapaswa kulingana na maelezo yake, kuwa na ubora unaoifanya iuzike, na kufaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji huku akitegemea ujuzi wake. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo unaompotosha mlaji na inaweka masharti ya kumlinda katika mikataba ya ununuzi. Kwa hiyo maneno "mali ikishauzwa hairudishwi," hata yakipigwa muhuri mwekundu kwenye risiti, hayafuti haki ya mlaji aliyeuziwa bidhaa mbovu.

Lakini haki ina mipaka. Mlaji aliyebadili nia, au aliyepata bei nafuu duka la jirani, hana hitilafu ya kulalamikia. Pia, aliyekagua bidhaa dukani hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuionyesha. Ndiyo maana tunashauri mashine iwashwe dukani, ijazwe maji, na iachwe itoe maji ya moto na mvuke mbele yako. Na kwa mtumba, sheria haitarajii ubora wa kipya. Hutazama bei, umri na maelezo yaliyotolewa.

5. Mfano wa kujifunzia: kaya mbili, hitilafu moja

Mfano huu tumeubuni kwa ajili ya somo. Kaya mbili za Nyegezi zimenunua mashine za aina moja, kwa Sh 690,000 kila moja, zikiwa na dhamana ya miezi 12. Wiki ya saba, zote mbili zinaanza kuvuja maji kutoka ndani.

Kaya ya kwanza inachomoa plagi siku hiyohiyo. Inapiga picha ya mnato na video fupi inayoonyesha maji yakidondoka huku taa zikiwaka na pampu ikifanya kazi. Inaandika tarehe na saa. Kesho yake inampelekea muuzaji ujumbe wa simu, kisha inaipeleka mashine ikiwa na risiti na kadi.

Kaya ya pili inaweka kitambaa chini ya mashine na kuendelea kunywa kahawa. Siku ya tano mashine inazimika. Inapopelekwa dukani, fundi anaifungua, anaona bodi imeungua, na kusema, "Hii ni umeme. Dhamana haihusiki."

Hitilafu ya asili ni ileile. Lakini kaya ya kwanza ina ushahidi kwamba umeme wa mashine ulikuwa mzima wakati maji yakivuja. Na mpira uliolegea haulegezwi na volti. Kaya ya pili, ingawa huenda inasema kweli, haina cha kuonyesha mpangilio wa matukio, na muuzaji anaweza kuuliza kwa haki kwa nini iliendelea kuitumia. Bado haijapoteza kila kitu: inaweza kudai maelezo ya maandishi ya kifaa kilichoungua, dalili zilizoonekana, na kama kulikuwa na alama za maji kwenye bodi. Jambo ambalo lingekuwa la siku moja limekuwa la miezi. Mali bila daftari huisha bila habari.

6. Kupeleka mashine kwa fundi

Muda wa dhamana ukiisha, au kama mashine haina dhamana, fundi wa mtaani ni msaada mkubwa. Mafundi wetu wengi wana mikono mizuri. Makubaliano ndiyo yanayokosekana. Kabla ya kumwachia mashine:

Andika dalili, usiandike jina la ugonjwa. Sema "pampu inanguruma, maji hayatoki," wala usiseme "badilisha pampu." Ukitaja kifaa, utabadilishiwa hichohicho hata kama ni kizima.

Omba bei ya uchunguzi na bei ya matengenezo zitenganishwe, na kazi isianze kabla hujakubali.

Taka kifaa cha zamani kirudishwe, na ujue kipya ni halisi au cha kuigiza.

Kubaliana kazi inadhaminiwa kwa muda gani, na chukua risiti.

Andika namba ya mashine mbele ya fundi wakati wa kuiacha na wakati wa kuichukua.

Kubadilisha gasketi, kusafisha ukoko au kubadilisha fyuzi ya joto kwa kawaida kunastahili gharama. Boila au bodi ni jambo la kupima: kama matengenezo yanakaribia nusu ya bei ya mashine mpya, na mashine imeshatumika miaka kadhaa, tunashauri utafakari upya. Fyuzi ya joto isiunganishwe kwa waya wa moja kwa moja "ili ifanye kazi tu." Fyuzi hiyo ndiyo inayozuia moto nyumbani.

Kama mashine inasafirishwa kwa basi, mwaga maji yote, ifunge katika boksi lake la asili, taja thamani yake kwenye stakabadhi ya mzigo, na uhifadhi nakala. Kwa sababu hiyo boksi lisitupwe kabla dhamana haijaisha.

7. Hatua za kudai haki

Kwanza, acha kutumia mashine na kusanya ushahidi: risiti ya EFD, kadi ya dhamana iliyojazwa tarehe na kupigwa muhuri, namba ya mashine, picha, video na ujumbe wa simu. Kumbuka kwamba kudai risiti ni wajibu wa mnunuzi kisheria. Risiti hiyohiyo ndiyo shahidi wako wa kwanza.

Pili, mwone muuzaji aliyekuuzia. Usikubali kuzungushwa kati ya duka na msambazaji. Mkataba wako wa mauzo ni na duka.

Tatu, kama mazungumzo hayakuzaa matunda, andika barua. Mfano:

"Kwa Meneja, Duka la ……, Mwanza.
Yah: Madai ya dhamana ya mashine ya espreso namba ……
Tarehe …… nilinunua katika duka lenu mashine tajwa kwa Sh ……, risiti ya EFD namba ……. Tarehe …… ilianza kuvuja maji kutoka ndani. Niliacha kuitumia siku hiyo na kuwaarifu tarehe ……. Mashine imetumika nyumbani, kwa umeme wa volti 230, na kwa kufuata kijitabu cha maelekezo. Naomba itengenezwe bila malipo, ibadilishwe, au nirudishiwe fedha zangu. Endapo mnaona dhamana haihusiki, naomba maelezo ya maandishi ya fundi yakitaja kifaa kilichoharibika na sababu yake. Nategemea majibu yenu ndani ya siku 14. Nakala za vielelezo zimeambatishwa."

Peleka nakala mbili. Moja isainiwe na kupigwa muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Usitoe vielelezo halisi.

Nne, usipojibiwa au ukikataliwa bila sababu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Ukishuku kwamba mashine ni bandia, yaani imebandikwa nembo isiyo yake, eleza hivyo pia, kwa kuwa Tume husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kama tatizo ni usalama au kiwango cha bidhaa, mathalani inashtua watu, liarifu Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kama chanzo ni umeme wa mtaa, lalamika kwanza TANESCO na upate namba ya taarifa, usiporidhika, EWURA. Njia ya mahakama hubaki wazi kwa anayetaka fidia.

8. Maswali ya kujipima

1. Mashine yako haitoi maji ikiwa na kahawa, lakini hutoa kwa wingi bila kahawa. Je, una madai ya dhamana? (Hapana, badilisha usagaji wa kahawa.)

2. Shangazi amekuletea kutoka Marekani mashine ya volti 120. Amenunua pia transfoma ya wati 500. Je, inatosha kwa hita ya wati 1,200? (Hapana.)

3. Gasketi imevuja siku ya nne tangu ununue, na muuzaji anasema "gasketi haina waranti." Utamjibu nini? (Kadi huondoa uchakavu, kasoro ya siku ya nne si uchakavu, na sheria inataka bidhaa iwe na ubora tangu inapouzwa.)

4. Mashine inavuja kutoka ndani leo jioni, na kesho una wageni. Ufanye nini? (Chomoa, piga picha, andika tarehe, na uwachemshie wageni kahawa ya birika.)

Ndugu msomaji, tunapendekeza ukate ukurasa wenye mfano wa barua, uuhifadhi katika bahasha moja na risiti pamoja na kadi ya dhamana, na kuiweka bahasha hiyo mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua. Hatua hizihizi zinafaa pia kwa friji, pasi, birika la umeme na jiko.